Mshipa Haufunguliwi kwa Spana

Jumatatu, 4 Machi

Ushindi! Mama Pacha amehamia chumba cha cherehani. Kachukua mto wake, shuka lake la maua na kile kitaa kidogo cha kusomea. Nilimwambia anakoroma. Hakoromi. Mke wangu akilala hulala kama maji ndani ya tangi. Lakini mwanamume mwenye akili anajua kurudi nyuma bila kukimbia, na mimi akili ninazo. Shule ndiyo iliyonikimbia.

Sababu naiandika hapa tu. Mheshimiwa amegoma. Namwita Mheshimiwa kwa adabu, mjumbe wangu wa kudumu, aliyekuwa akisimama hata spika hajamwita. Sasa hasimami. Mama Pacha akinigusa bega, yeye huyo, usingizi wa pono. Mara ya kwanza nikasingizia uchovu. Mara ya pili mgongo. Halafu nikaishiwa, ndipo nikasingizia koromo.

Hakuna tena wa kunigusa bega. Siri iko salama. Nimejilaza katikati ya kitanda kama mfalme kujaribu ufalme wenyewe. Sikuupenda. Kitanda kimekuwa uwanja wa mpira. Nikasogea upande wake, kuna kibonde pale, umbo lake. Nikajilaza humo kidogo. Si kwa huzuni! Godoro upande ule ni laini zaidi.

Jumanne, 5 Machi

Nimelichunguza tatizo kifundi. Mimi nimefunga mabomba kwenye majengo ya wakubwa, nimekunywa chai kwenye miji ambayo wenzangu huisikia redioni. Swali: maji yasipofika ghorofa ya juu, shida ni nini? Presha ndogo. Basi! Damu ni maji, mshipa ni bomba, Mheshimiwa ndiye ghorofa ya juu. Dawa ni kuongeza presha. Daktari anazeekea darasani kwa jambo ambalo fundi hulimaliza kikombe hakijapoa.

Na kila mtu anajua kinachopandisha presha. Chumvi, kahawa, sigara na hasira. Chumvi nimeimwaga juu ya mayai mpaka sikuona mayai. Kahawa nyeusi, nzito, ingeziba koki. Sigara juu ya sigara. Hasira naipata kazini bila malipo, maana Kilowati yupo.

Kilowati ni fundi umeme wa jengo letu. Jina nilimpa mimi, nikajutia, maana amelipenda. Suruali yake ina mstari wa pasi hata akiwa juu ya ngazi. Leo wakati wa chai kasimulia jinsi mke wake anavyomwomba, jamani, baba, leo angalau tupumzike. Mafundi wakaangua kicheko. Kisha kanigeukia, mbona mzee wa mabomba kimya, au valvu imeziba? Nilisikia presha ikipanda mpaka masikioni. Nikamshukuru kimoyomoyo.

Jumatano, 6 Machi

Mheshimiwa hajatikisika. Nimeongeza chumvi.

Mama Pacha kaniwekea chai mezani. Kaona ninavyokitikisa kichupa cha chumvi juu ya chakula chake. Kauliza, chakula changu siku hizi kimekuwa chapwa? Nikamwambia hapana, kitamu mno. Kakitazama kichupa, kanitazama mimi, karudi kwenye cherehani yake. Naisikia ukutani, trrr, kimya, trrr, kama anaandika barua ndefu isiyonihusu.

Zamani akishona nilikuwa nakaa chini karibu na miguu yake, namwokotea pini. Sijui leo nani anaziokota.

Alhamisi, 7 Machi

Maafa! Nilikuwa nakaza kiungo cha bomba kuu, spana kubwa mkononi, kichwa chini. Dunia ikageuka. Damu puani. Nilipofumbua macho nilikuwa nimebebwa mgongoni kama gunia, pua yangu imezama kwenye shati lenye manukato. Kilowati! Kanibeba mpaka zahanati, shati jeupe likawa jekundu, na njia nzima ananiambia usife, kaka, nani atanitukana? Sitamsamehe.

Daktari ni binti mdogo, umri wa pacha wangu, lakini akikutazama unakumbuka dhambi zote. Kanifunga kile kitambaa cha kubana mkono, kasoma, kafunga tena, kasoma tena. Kauliza nimekula nini. Nikataja. Kauliza, baba, nani alikutuma?

Nikamwambia nina rafiki. Rafiki huyo ana shida ya ghorofa ya juu, maji hayafiki. Nikasema mimi kama fundi nilimshauri apandishe presha, na nikajitolea kuijaribu dawa kwanza mwilini mwangu, kwa upendo. Daktari hakucheka. Aliuma kalamu.

Kisha akamweleza rafiki yangu. Kasema mshipa si bomba, baba. Bomba limekufa, mshipa uko hai. Ndani yake umepakwa utando mwembamba kuliko ganda la kitunguu, na huo utando ndio bosi. Mtu akipata hamu, neva na utando vinatoa hewa fulani, kidogo tu, jina lake naitriki oksaidi. Hewa hiyo inaiambia misuli ya ukuta wa mshipa: legeeni. Misuli ikilegea, mshipa unapanuka, damu inaingia yenyewe na kujaa. Kwa hiyo kinachomsimamisha Mheshimiwa (hakumwita hivyo) si nguvu. Ni kulegea! Na presha kubwa, moshi wa sigara na sukari nyingi vinaujeruhi ule utando. Ukijeruhiwa hautumi ujumbe. Ukuta unabaki umekaza meno.

Nilistaajabu. Umri wote huu nakaza, kumbe siri ni kulegeza!

Kanipa vidonge vya presha, kanichukua damu, kanipiga marufuku chumvi na sigara. Nirudi Jumatatu. Kasema na rafiki yako arudi.

Ijumaa, 8 Machi

Nimelifikiria suala la hewa. Daktari kanena wazi: utando unatoa hewa. Wangu umepungukiwa. Na mtu akipungukiwa hewa ataipata wapi? Kwenye soda! Imejaa hewa mpaka inatoka puani. Mtu wa mawazo mafupi asingeona uhusiano huo.

Nimekunywa soda asubuhi, mchana na jioni. Matokeo: nimebeua katikati ya kikao cha mhandisi, alipokuwa anasema mradi wetu unahitaji sauti moja. Mheshimiwa kimya. Nadhani hewa inatokea juu kabla haijapata njia ya chini.

Sigara nimeacha, mimi ni mtu wa msimamo. Pakiti iliyobaki nimempa Kilowati kwa tabasamu pana. Kashangaa ukarimu wangu. Nikamwambia vuta, ndugu yangu, vuta sana. Hee! Utando wake nao uonje. Tuone kama mke wake ataendelea kuomba mapumziko.

Jumamosi, 9 Machi

Mbinu ya leo sikuifanya kwa ajili ya Mheshimiwa. Basi tu.

Chumba cha cherehani kina mlango upande wa barabarani, wateja huingilia huko. Nilikuwa nanyoosha mgongo dirishani nikamwona Mama Pacha anampima muuza viatu. Kampitishia futi ya kitambaa mabegani, shingoni, kamgeuza, kamwambia pumua. Yule bwana hata hakujua alichopewa. Nikaingia mjini, nikanunua kitambaa cha buluu, nikazunguka nyumba yangu mwenyewe, nikabisha hodi mlango wa wateja.

Kanitazama. Kauliza shida yangu. Nikasema shati.

Kasimama. Kanipima. Mkono wake shingoni, baridi kidogo, unanukia mafuta ya cherehani na sabuni. Kaniambia nisibane tumbo. Nikaliachia. Kazungusha futi kifuani, uso wake ukawa karibu hapa, nikaona ana nywele mpya nyeupe juu ya sikio ambazo sijawahi kutambulishwa. Alipomaliza nikamwambia bega la kushoto amekosea. Kapima tena. Nikamwambia na la kulia. Kapima. Nikasema shingo. Kasema shingo haijakua tangu sasa hivi, Baba Pacha.

Nilikuwa karibu kumwambia. Mungu shahidi, neno lilikuwa kwenye ulimi. Ndipo akakunja futi, akasema shati litakuwa tayari Jumatano, na Alhamisi anahamisha cherehani kwenda kwa dada yake.

Nikauliza kwa muda gani.  Kasema mimi si mtoto. Mume anamwambia mkewe anakoroma. Mume anamwaga chumvi kwenye chakula cha mkewe kama anazika nyama. Mume anaacha sigara ghafla, ananunua kitambaa cha buluu. Kasema nimewashonea waume wa watu mashati mengi, na nayajua mashati yanayokwenda kazini na yanayokwenda kwingine. Kasema huyo mwanamke akiuliza nani kashona, mwambie.

Mwanamke yupi? Nilifungua mdomo. Soda ikajibu kwa niaba yangu.

Kanifungulia mlango wa wateja.

Jumapili, 10 Machi

Amekwenda kusali, karudi, kapika, kafunga mlango. Chakula hakina chumvi kabisa. Sijui ni ugonjwa wangu kaujua au ni adhabu. Nimekula chote.

Nimekaa sebuleni nasikiliza ukuta. Anashona shati langu. Natamani achelewe, asiione hata sindano. Natamani vifungo vipotee, umeme ukatike, ingawa cherehani ni ya miguu. Kila trrr inamsogeza kwa dada yake.

Jumatatu, 11 Machi

Zahanati. Nimeketi kwenye benchi, uso nimeuficha na kofia. Pembeni yangu kuna mtu kajifunika uso na gazeti, kalishika juu chini. Suruali ina mstari wa pasi.

 Kisha gazeti likauliza, mzee wa mabomba, umefuata nini? Nikasema nimemsindikiza rafiki. Nikamuuliza yeye. Kasema rafiki pia. Nikauliza rafiki yake anaumwa nini. Kasema, aah, mambo ya umeme, swichi iko sawa ila taa haiwaki. Nikasema wangu ni mambo ya maji. Tukaangalia ukuta. Kasema kwa sauti ndogo kwamba mke wa huyo rafiki yake hajawahi kumwomba apumzike. Kasema ule ulikuwa utani tu wa kazini.

Moyo wangu, mimi! Nikamtia mkono mfukoni, nikamnyang'anya ile pakiti ya sigara, nikaitia kwenye pipa. Kaniita mwizi. Nikamwambia kamuulize daktari habari za utando, mjinga wewe.

Daktari kafungua mlango, katutazama wote wawili. Kasema leo marafiki zenu wako wengi, aanze nani.

Nikaingia. Sukari imepanda kidogo. Kauliza nimekunywa nini. Nikamweleza nadharia ya hewa. Safari hii alicheka, akaweka kichwa mezani, akaomba radhi. Kisha akaacha kucheka. Kasema hewa ya utando hainyweki wala haivutwi, inatengenezwa mwilini, papo hapo, inatumika na kutoweka. Sukari ya soda ndiyo inayoujeruhi utando zaidi. Kasema na hili umwambie rafiki yako. Mishipa ya kule ni myembamba kuliko ya moyo, kwa hiyo ikianza kuchoka kule ndiko kunaonekana kwanza. Moyo unafuata baadaye. Huyo aliyegoma hakukusaliti, baba, kakupigia kengele mapema. Ungemnyamazisha kwa unga wa nguvu za kiume wa mitaani, usingesikia kitu mpaka siku ya kuanguka.

 Nikafikiria kile kibonde upande wa kitanda. Nikafikiria na changu kikibaki kitupu, yeye peke yake kwenye uwanja wa mpira.

Nikauliza utando unapona? Kasema unapona, polepole, ukiuacha upone. Vidonge, chakula, na kutembea kila siku. Kasema mtu akitembea damu inapita kwa kasi, inaupapasa utando, nao ukipapaswa ndipo unapotoa ile hewa.

Kumbe na wenyewe unataka kupapaswa. Tuko wengi.

Kasema vidonge vya kumsaidia rafiki yako vipo pia, lakini kwanza tuujue moyo wake, na aje na mkewe. Nikasema rafiki yangu hawezi kumwambia mkewe. Kasema basi rafiki yako anaumwa magonjwa mawili.

Jumanne, 12 Machi

Nimekwenda. Mlango wa ndani, si wa wateja. Mama Pacha alikuwa anakunja pindo la shati la buluu, pini zimejaa mdomoni. Nikaona ni wakati mzuri, hawezi kunikatiza.

Nilikuwa nimeandaa hotuba. Nikaanza na jengo la ghorofa. Nikaeleza tangi, bomba kuu, viungo. Nikasema kuna mabomba yana utando ndani, na utando ukiumia ukuta unakaza, maji hayapandi, si kwa kuwa mwenye nyumba hapendi maji. Anayapenda maji! Anayalilia maji! Mama Pacha kanyoosha kidole kwenye dari, anauliza kwa nyusi wapi panavuja. Nikasema hapavuji. Hilo ndilo tatizo.

Nikaona hotuba inazama. Nikasema, Mama Pacha, Mheshimiwa amegoma. Tangu mvua zilipokatika. Hakuna mwanamke, hakuna shati, nilitaka unipime tu.

Kazitoa pini mdomoni moja moja, kazichomeka kwenye kimto chake.  Nilisubiri anicheke, au anihurumie, sijui lipi baya zaidi.

Kauliza: kwa hiyo sikoromi?

Nikasema hukoromi.

Kasema hata kidogo? Hata kidogo. Kumbe siku zote hizi alikuwa analala ameketi, mito mgongoni, ili asikorome nikamsikia ukutani. Shingo imemkaza. Alimwomba dada yake ampokee walale chumba kimoja amsikilize, ndiyo safari yenyewe ya Alhamisi. Kanipiga na futi. Kanipiga tena. Kasema mwanaume mzima, unaficha ugonjwa kwa kuniharibia jina. Kisha kakaa chini juu ya vitambaa, kacheka mpaka machozi, halafu machozi yakabaki bila kicheko. Nikakaa karibu. Nikaanza kuokota pini. Zilikuwa nyingi.

Kasema kesho tunakwenda kwa huyo binti pamoja. Na huyo rafiki yako mwache nyumbani.

Jumatano, 13 Machi

Tumekwenda. Mama Pacha kauliza maswali ambayo mimi hata kuyaandika naona haya, tena kwa sauti ya kununulia nyanya. Daktari kampenda. Mpango wao wote nimepewa mimi niutekeleze.

Cherehani haijahama. Mto umerudi. Nimemshika shingo kumkanda, kasema polepole, si bomba hilo.

Jumapili, 21 Aprili

Sijaandika muda. Nilikuwa natembea.

Kila jioni Mama Pacha anafunga cherehani, wateja wangoje, tunavaa viatu vya raba tunashika barabara. Mwanzoni alitangulia kama polisi. Sasa ananishika mkono, anasema ni kwa sababu ya mashimo barabarani. Tukirudi anaweka sikio kifuani pangu kusikiliza kama utando unafanya kazi. Utando hausikiki, daktari kasema. Sijamwambia. Ananiletea maji. Ananiuliza habari za kazini na kungoja jibu. Kilowati na mke wake tumewapita juzi karibu na soko, nao wanatembea, nikaongeza mwendo mpaka tukawaacha. Kasema hatushindani, Baba Pacha. Yeye hajui.

Leo asubuhi, kabla sijafumbua jicho la pili: Mheshimiwa! Amesimama! Bila kuitwa, bila hoja, wima kama siku ya ufunguzi! Nilitaka kupiga vigelegele. Nilitaka kumgusa Mama Pacha bega.

Mkono ukasimama hewani. Akili zangu zikaamka.

Maana mgonjwa akipona, wauguzi hurudi makazini. Sare za shule zimerundikana chumbani kwake mpaka dirishani. Nikimwambia nimepona, jioni itakuwa ya cherehani. Nani atanishika mkono? Mashimo barabarani ni machache, nimeyahesabu kwa uchungu. Nani ataweka sikio kifuani kwa mtu mzima wa afya? Fundi mwenye akili hafungi kazi mapema wakati mwenye nyumba bado anamletea chai.

Nikageuka haraka, kifudifudi. Kaamka, kauliza, vipi leo, baba? Nikavuta pumzi ya huzuni, nzuri sana, nilijivunia. Nikasema bado, mke wangu. Utando unataka muda. Nikaongeza kwamba usiku kucha sikulala vizuri, nadhani ni kale kamkoromo kadogo, safari hii kangu mwenyewe.  Kanipapasa mgongo, kasema pole, usijali, leo ni Jumapili, twende tukatembee mbali zaidi.

Yuko mlangoni, viatu tayari, anauliza mbona siamki. Naandika nimelala kifudifudi, nasubiri kikao kiahirishwe.